Saa za Kupumzika Nyumbani ni za Nani?



Tunapowaandaa vijana kwa Sakramenti ya Ndoa huwafundisha juu ya uaminifu, malezi ya watoto, matumizi ya pesa na namna ya kuishi na wakwe. Ni nadra kuwauliza: Jumamosi alasiri mtafanya nini? Swali hilo huonekana dogo. Lakini keti na mume na mke walionuniana, utalisikia likijitokeza mapema. Mke atasema, "Huyu alioa mpira." Mume atajibu, "Na yeye je? Akishika hadithi zake, maziwa yatachemka yamwagike na hajui."

Somo letu leo ni juu ya saa hizo: za mpira, za karata na drafti, za riwaya na runinga, za matembezi ya mwisho wa juma. Sitawaambia kwamba ni dhambi. Wapo wahubiri wanaosema hivyo, nami sikubaliani nao. Ninalotaka tulitazame ni hili: mmoja wenu anapopumzika, ni nani anayeyalipia mapumziko hayo?

MUNGU ALIPUMZIKA

Kitabu cha Mwanzo, sura ya 2, chaeleza kwamba Mungu alipomaliza kazi yake alipumzika siku ya saba na kuibariki. Bwana wetu Yesu naye, Mitume waliporudi wamechoka na watu wamejaa hata hawana nafasi ya kula, aliwaita kando mahali pa faragha wapumzike kidogo (Marko 6:31). Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, unafundisha kwamba wafanyakazi wapewe nafasi ya kutosha ya kupumzika ili watunze maisha yao ya kifamilia, ya utamaduni, ya jamii na ya dini. Basi baba anayecheza bao chini ya mwembe hana haja ya kujificha paroko anapopita.

Sasa chukueni Biblia mfungue Kumbukumbu la Torati 5:12-15, mmoja asome na mwingine ahesabu kwa vidole wanaoamriwa kupumzika. Yumo wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, ng'ombe, punda, mifugo yote, na mgeni aliye kwako. Mmemwona anayekosekana? Mke hatajwi. Je, Musa alimsahau? Au mke ndiye atakayebaki jikoni wakati hata punda amefunguliwa? La hasha! Wafafanuzi wa Maandiko hueleza kwamba neno "wewe" hapo linawashika mume na mke kwa pamoja, wote wawili wakiwa wenye nyumba. Na sababu ya amri imetolewa papo hapo: kumbukeni kwamba mlikuwa watumwa Misri. Aliyeonja utumwa asimfanye mwenzake mtumwa siku ya Bwana.

JUMAPILI YA MAMA

Tuingie katika nyumba moja ya kawaida. Misa imekwisha. Baba amevua koti, amekaa na gazeti. Mama naye amevua kitenge cha kanisani, amevaa leso, anawasha jiko. Kuna chakula cha mchana, kuna sare za shule za kufua na kupiga pasi, kuna maji ya kuteka, kuna mtoto ambaye hajafanya kazi aliyopewa na mwalimu. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mama huyo alikuwa kazini au shambani sawa na mumewe. Katika nyumba nyingi za kwetu Jumapili ndiyo siku nzito kuliko zote kwa mama, na hakuna anayeliona hilo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwa mama zetu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2187, yamtaka kila Mkristo aepuke kuwadai wengine mambo yasiyo ya lazima yatakayowazuia kuishika siku ya Bwana. Tumezoea kuyaelekeza maneno hayo kwa matajiri na waajiri. Tuanze kuyasoma jikoni.

Dawa yake haihitaji semina. Sare zifuliwe Jumamosi asubuhi, na wavulana wafue kama wasichana. Mahindi na maharagwe yakichemshwa Jumamosi jioni, githeri ya Jumapili ni kukaanga tu, na kukaanga baba anaweza. Wapo watakaosema kwamba mila hairuhusu. Mila hiyohiyo haikuwa na pasi wala sare, lakini hizo tulizipokea bila kuwauliza wazee.

MPIRA NA SIMU

Tuje kwa mpira, maana najua akina mama wanaungoja. Tufanye hesabu bila hasira. Ligi kuu ya Uingereza huchezwa kwa kawaida kuanzia Agosti hadi Mei, na kila timu hucheza mechi 38. Baba akifuata timu yake moja tu (siitaji timu yoyote, nisije nikaigawanya Jumuiya), na kila mechi ikila saa 2 pamoja na mapumziko, ni saa 76 kwa msimu mzima. Gawa kwa miezi 10: hazifiki saa 8 kwa mwezi. Mama, usigombanie saa 8. Mpe, na chai umtilie.

Mwizi yuko kwingine. Yuko katika mechi za timu ambazo si zake. Yuko katika saa nzima ya kubishana kabla ya mechi na mbili za kubishana baada yake, na katika njia ya kurudi nyumbani inayopitia baa. Tena, mechi nyingi za Jumamosi huanza saa kumi na moja jioni kwa saa zetu, au saa kumi na mbili kati ya mwisho wa Oktoba na mwisho wa Machi, Uingereza inaporudisha saa zake nyuma. Ni wakati uleule wa kuogesha watoto na kuandaa chakula cha jioni. Kama mechi ni ya lazima, baba na awaogeshe watoto saa kumi.

Mwizi mkubwa zaidi ni kamari. Zamani mcheza kamari ilimbidi atoke nyumbani. Leo anabeti akiwa kitandani, mke amelala kando yake. Katekisimu, namba 2413, inasema kwamba michezo ya bahati na kuweka dau si kinyume cha haki kwa yenyewe, ila haikubaliki inapomnyima mtu mahitaji yake na ya wengine, na kwamba tamaa ya kamari inaweza kugeuka utumwa. Mimi naongeza la kwangu: kwa nyumba inayodaiwa karo, dau dogo halipo. Kipimo ni chepesi. Je, mwenzako anaweza kusoma ujumbe wa M-Pesa katika simu yako bila wewe kuinyakua? Kama hawezi, huo si mchezo tena, na mnahitaji kuongea leo, hata kwa msaada wa padre au wa wazee wa Jumuiya.

RIWAYA NA RUNINGA

Akina mama nanyi msifurahi mno. Kuna vipindi vya mapenzi katika runinga ambavyo vikianza, nyumba yote hunyamazishwa. Ubaya wake mara nyingi hauko katika kipindi. Uko katika kumpima mume wako, aliyerudi na matope miguuni, kwa kijana wa runinga ambaye hafanyi kazi na hanuki jasho. Marehemu Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016, namba 224, alionya kwamba watu wawili wanaweza kukaa chumba kimoja bila mmoja kumtambua mwenzake. Wengi wetu tumeijua hali hiyo: simu mbili zinawaka, hakuna neno.

Jaribuni kusoma riwaya moja pamoja, kwa sauti, sura moja kila jioni. Mke asome huku mume akimenya viazi, au mume asome huku mke akimsuka binti nywele. Chukueni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Huenda mmoja wenu aliisoma shuleni. Ni hadithi ya kijana anayesafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Hamtafika mbali kabla ya mmoja kumwuliza mwenzake: na baba yako wewe, alikuwaje? Nawajua watu waliokaa katika ndoa miaka kumi bila kuulizana hilo.

MATEMBEZI

Juu ya matembezi sina mengi. Hayahitaji fedha nyingi. Wa Nairobi wana msitu wa Karura, wa Mombasa wana bahari, wa Kisumu wana ziwa, na wa kijijini wana njia ya kwenda kumsabahi bibi. Hija ya Subukia nayo ni ibada kwanza, lakini katika gari la hija watu huimba, hula na kucheka, na watoto huikumbuka. Angalieni tu jambo moja: ikiwa mama ndiye aliyepika, akafunga vyakula, akambeba mtoto, kisha akarudi kuosha vyombo, basi familia ilitembea, yeye alifanya kazi mahali pengine.

Si wote wenye Jumamosi na Jumapili. Nawajua mume na mke, mume ni askari wa usiku, mke huuza mboga sokoni, na Jumapili baada ya Misa ndipo soko hujaa. Wao walichagua Jumatatu alasiri, mume akishaamka. Hucheza drafti kwa vifuniko vya soda. Kwa kawaida mke hushinda, na jirani wote wanajua.

KAZI YA NYUMBANI

Juma hili, kila mmoja achukue karatasi yake aandike saa alizopumzika tangu Jumapili iliyopita. Usingizi hauhesabiwi, wala kukaa ukichambua mboga. Kisha wekeni karatasi mbili mezani. Tarakimu zikitofautiana sana, msigombane. Tafuteni kazi moja ya kuhamisha kutoka kwa aliye na saa chache kwenda kwa aliye na nyingi, na mkubaliane ianze lini. Halafu mwulizane: ni mchezo gani ulioupenda kabla ya ndoa ukauacha, na kwa nini uliuacha? Kuna saa yangu ya mapumziko inayokuumiza, na hujawahi kuniambia? Mara ya mwisho tulicheka pamoja ilikuwa lini, na tulikuwa tukicheka nini?