Mtu Asiyeitikia Salamu

Someni kwanza: Warumi 12:14–21

Kila mmoja wetu anaye mtu wake mgumu. Huyu ana jirani ambaye mbuzi wake hupita juu ya jamvi la karafuu, naye akiambiwa hujibu kwa matusi. Yule ana mwenzake katika kamati ya kanisa ambaye hupinga kila shauri kabla halijaisha kusemwa. Na hapa kwetu Pemba hakuna pa kumkimbilia mtu. Utamkuta sokoni Wete, utamkuta garini, na Jumapili mtapiga magoti pamoja kuipokea Sakramenti.

Wengi hudhani kwamba neema ni kunyamaza. Sisi hatuoni hivyo, na tunamleta shahidi: Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda, ambaye kabla ya uaskofu alikuwa mwalimu, na kwa miaka kadhaa alifundisha huko bara, Dodoma.

Mwezi wa Februari 1977 askari wa Idi Amin waliipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum usiku wa manane, wakitafuta silaha. Maaskofu hawakunyamaza. Walimwandikia Amin barua wakayataja waziwazi maonevu yaliyokuwa yakitendeka. Tarehe 16 waliitwa Kampala. Wengine wakaruhusiwa kwenda, Luwum akazuiwa. Kivengere alikuwa miongoni mwa waliomngojea nje mpaka wakafukuzwa. Ikatangazwa kwamba Askofu Mkuu na mawaziri wawili wamekufa katika ajali ya gari. Kivengere na mkewe, Mera, wakavuka milima usiku kwa miguu, wakaingia Rwanda.

Nani angemlaumu kwa kumchukia Amin? Lakini Ijumaa Kuu ya mwaka ule ule, akiwa kanisani London, alitafakari jinsi Bwana wetu alivyowaombea waliomsulibisha, akaona kwamba moyo wake mwenyewe umeanza kuwa mgumu. Akatubu. Kisha akatoa kitabu kidogo chenye jina lililowashtua wengi: Nampenda Idi Amin. Hakusema kwamba Amin hana hatia. Aliendelea kuyasema maovu yale, na kuwahudumia wakimbizi wa Uganda, hata utawala ule ukaanguka mwaka 1979.

Basi kusema kweli na kusamehe vilikaa katika mtu mmoja. Jambo hili si rahisi, nasi tunalisema kwa aibu kidogo.

Tulipokuwa tukifundisha, alikuwako mwalimu mwenzetu asiyeitikia salamu yetu. Tuliendelea kumsalimu kila asubuhi, kwa sauti, mbele ya walimu wote, makusudi waone nani muungwana na nani si muungwana. Tulijisifu moyoni kwamba tunampalia makaa ya moto, kama asemavyo Mtakatifu Paulo. Kumbe salamu ile ilikuwa fimbo! Ikapita karibu miaka miwili hivyo. Siku moja tulikwenda kwake peke yetu, tukamwuliza tumemkosea nini. Akajibu pale pale, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa: tulipata kumsahihisha ubaoni mbele ya wanafunzi wake, na watoto wakacheka. Sisi tulikuwa tumekwisha sahau. Tulimwomba radhi. Hatukuwa marafiki baadaye, lakini salamu aliitikia.

Tangu hapo, tukikutana na mtu mgumu, twajaribu kuuliza kabla ya kuhukumu, na kuuliza faraghani. Mara nyingine jibu halipo; wako watu ambao ukali ndiyo tabia yao, na hao tuwaombee kwa majina yao, si kwa sala ya jumla.

Neno moja tusilisahau. Mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie kwa kisingizio cha somo hili. Na aende kwa Padre, aende kwa sheha, aende polisi. Kusamehe hakumzuii mtu kutafuta ulinzi.

Kwa mkutano ujao someni 1 Samweli 25. Nabali alimjibu Daudi kwa jeuri, Daudi akaondoka na watu 400 wenye panga, na Abigaili akawawahi njiani kwa mikate na maneno ya upole. Lakini tazameni mstari wa 25: alimwita mumewe mpumbavu mbele ya wageni. Je, hiyo nayo ni neema? Njooni na majibu yenu. Nyumbani kwetu bado hatujakubaliana.