SAFARI YA UKOO KWA MELI: ANDIKENI JINA LA KILA MTU



Zamani ukoo mzima uliishi kijiji kimoja. Ukitaka kumwona shangazi, ulivuka shamba la migomba tu, umefika. Siku hizi mambo siyo hayo. Kaka yuko Mwanza, dada ameolewa Shinyanga, mjomba anafanya kazi Dar es Salaam. Watoto wao hawajuani. Wanakutana msibani, na matanga yakiisha kila mtu anarudi kwake.

Kwa sababu hiyo koo nyingi sasa zinapanga mkutano wa ukoo. Katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu wanaofanya mkutano wa namna hiyo ndani ya meli kubwa za matembezi. Jamaa wote wanapanda meli moja, wanakula pamoja na kulala humo siku kadhaa. Je, na sisi tunaweza? Tunaweza, kwa kipimo chetu. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria tunayo njia ya meli kati ya Mwanza na Bukoba. Siyo meli za anasa, ni za abiria na mizigo. Lakini usiku mmoja ndani ya meli unatosha kuwakutanisha ndugu waliopoteana.

Mtu atauliza, "Kwa nini tusipande basi?" Ni kweli, basi lipo. Tena tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, na magari hayangojei kivuko pale. Lakini katika basi unatazama kisogo cha mwenzako tu. Katika meli bibi anaweza kujinyoosha, watoto wanakaa na babu, na watu wanazungumza. Hata yule mjomba anayependa kuondoka kabla kikao hakijaisha, humo hana pa kwenda!

Basi katika somo hili tutajifunza namna ya kupanga safari hiyo. Tutatumia mfano wa ukoo wenye wasafiri 24: watu wazima 16 na watoto 8. Wanakutana Mwanza, wanavuka ziwa usiku, wanafika Bukoba asubuhi, kisha wanakwenda kijijini kwa wazee.

Hatua ya kwanza: Kamati

Jambo la watu wote huwa halina mwenyewe. Chagueni kamati ndogo ya watu watatu: mwenyekiti, katibu na mtunza fedha. Katibu si lazima awe msomi wa chuo kikuu. Ye yote aliyemaliza kisomo, anayeweza kuandika jina na kujumlisha hesabu, anafaa. Huenda katibu huyo ni wewe unayesoma somo hili.

Anzeni miezi sita kabla ya safari. Watu wengi husafiri kurudi nyumbani Desemba, na tiketi wakati huo ni za kugombania. Kama shughuli yenu inaweza kufanyika mwezi mwingine, fanyeni mwezi mwingine.

Hatua ya pili: Fedha

Tufanye hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Bei halisi muulize ofisi ya meli.

Nauli, watu wazima: 16 × Sh. 30,000/= ni Sh. 480,000/=
Nauli, watoto: 8 × Sh. 15,000/= ni Sh. 120,000/=
Chakula: 24 × Sh. 5,000/= ni Sh. 120,000/=
Gari, Bukoba hadi kijijini: 24 × Sh. 4,000/= ni Sh. 96,000/=
Akiba ya dharura: Sh. 84,000/=
Jumla: Sh. 900,000/=

Kama ukoo una nyumba 12 zinazochanga, gawanyeni kwa 12. Kila nyumba itatoa Sh. 75,000/=. Ukisema, "Toa elfu sabini na tano leo," watu watakimbia. Lakini ukisema, "Toa elfu kumi na tano kila mwezi kwa miezi mitano," wengi wataweza. Kila anayetoa aandikwe daftarini mbele ya macho yake, naye atie sahihi. Fedha zikiandikwa, maneno ya pembeni hupungua.

Msiifute akiba ya dharura ili mchango uwe mdogo. Tutaona huko mbele kazi yake.

Hatua ya tatu: Orodha ya majina

Hapa ndipo penye moyo wa somo letu.

Katibu achukue daftari, apige mistari, aandike kila msafiri: namba, majina matatu, umri, mahali anapotoka, na simu ya ndugu aliyebaki nyumbani. Majina matatu maana yake ni jina lake, la baba yake na la babu yake. Msiandike "Mama Mkubwa" au "Baba Mdogo" peke yake. Ninyi mnamjua, lakini karani wa bandari hamjui. Jina liwe sawasawa na lile la kitambulisho.

Watoto nao waandikwe, hata wa mgongoni. Hapo shangazi atasema, "Huyu bado ananyonya, halipiwi nauli, wa nini kumwandika?" Mjibuni kwa upole: nauli ni jambo moja, na jina ni jambo lingine. Mtoto asiyelipiwa ni mtu.

Andikeni nakala tatu. Ya kwanza akae nayo kiongozi wa safari. Ya pili ibaki kwa ndugu asiyesafiri. Ya tatu apelekewe mwenyeji anayewangoja Bukoba.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Tukumbuke tarehe 21 Mei 1996. Siku hiyo meli ya MV Bukoba, ikitoka Bukoba kuja Mwanza, ilipinduka na kuzama ikiwa imekaribia kufika. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha, na hao peke yao walikuwa 443. Abiria wa daraja la tatu, ambalo ndilo la bei nafuu, hawakuwa na orodha. Wanahesabiwa kuwa walikufa watu zaidi ya 800, na hesabu kamili imekuwa ya kubishaniwa. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza, na wako waliozikwa bila kutambuliwa.

Fikirini, ndugu zangu. Jamaa anafika bandarini, anauliza, "Ndugu yangu alikuwamo?" Hakuna karatasi ya kumjibu. Mwenye daraja la chini ndiye aliyekosa hata mstari mmoja wa jina lake.

Orodha yenu haizuii meli kuzama. Lakini inawawezesha kujua upesi nani yupo na nani hayupo, na nani atafutwe. Kazi hiyo msimwachie mtu mwingine, maana kalamu mnayo.

Hatua ya nne: Tiketi

Nunueni tiketi katika dirisha la ofisi ya meli au kwa njia nyingine iliyotangazwa na ofisi hiyo. Msinunue kwa mlanguzi wa nje ya geti, hata akiapa. Kila mtu awe na tiketi yake yenye jina lake. Msikubali kuambiwa, "Ninyi ni ukoo mmoja, tiketi kumi zinatosha watu kumi na wanne." Wale wanne watakuwa ndani ya meli bila kuhesabiwa, na kwa ajili yao hakuna nafasi wala jaketi la kuokolea.

Ulizeni pia siku na saa ya kuondoka, halafu mwulize tena wiki ya safari, maana ratiba hubadilika. Wazee, wajawazito na wagonjwa wapewe vitanda kwanza. Vijana wanaweza kukaa kwenye viti.

Hatua ya tano: Siku ya safari

Wahesabuni watu mara tatu: bandarini kabla ya kupanda, ndani ya meli kabla haijaondoka, na mkishashuka Bukoba. Katibu asome jina, mtu aitike. Meli ya MV Victoria, iliyorudi majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, ina uwezo wa abiria 1,200. Katika kundi kama hilo, watoto wanane wanapotea kama njugu gizani. Kila mtoto apewe mtu mzima mmoja wa kumwangalia. Meli ikisimama Kemondo, mshikeni mtoto mkono.

Mkishaingia, muulizeni baharia: majaketi ya kuokolea yako wapi? Yanavaliwaje? Ya watoto yapo? Mlango wa kutokea uko upande gani? Msione haya kuuliza. Msiweke mizigo njiani, na watu wote msikimbilie upande mmoja kutazama kitu.

Mkiiona meli imejaa kupita kiasi

Aliyewahi kupanda mtumbwi anajua jambo hili. Watu wakikaa chini, mtumbwi unatulia. Wakisimama, unayumba. Ukiongezwa mzigo, unazama zaidi na maji yanakaribia ukingo. Meli ni kubwa, lakini tabia yake ni ile ile. Uzito ukizidi, na hasa ukiwa juu au upande mmoja, meli inaweza kupinduka.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walikuwa 228. Hebu zidisha 101 kwa 2, halafu ulinganishe.

Kwa hiyo kateni shauri mapema, bado mkiwa nyumbani: tukiona imejaa kupita kiasi, hatupandi. Chagueni mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho, naye akisema "tunabaki", hakuna ubishi. Msingoje kukata shauri hilo getini. Hapo kila mtu atakuwa na sababu yake. Huyu atasema ng'ombe amekwisha chinjwa, yule atasema likizo yake inakwisha. Na ni kweli, sababu hizo ni nzito. Lakini ng'ombe analiwa kesho.

Sasa mmeona kazi ya akiba ya dharura. Ni fedha ya kulala Mwanza usiku mmoja. Bila fedha hiyo mtapanda tu, kwa sababu hamna pa kulala.

Kikao chenu majini

Mkiwa salama, na meli imetulia, ndipo shughuli yenyewe. Kaeni na wazee. Kila mtu ataje jina lake, la baba yake, la babu yake, mpaka atakapofika. Mzee aseme tulitoka wapi na nani alimzaa nani. Katibu aandike. Ile orodha ya safari ndiyo itakuwa mwanzo wa kitabu cha ukoo. Asubuhi mkishuka Bukoba, watoto watakuwa wanaitana kwa majina.

Mnaona, ndugu wasomaji, daftari ni lile lile. Limetunza fedha, limehesabu watu, sasa linatunza ukoo. Tuwatakie safari njema.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini nakala moja ya orodha ibaki kwa mtu asiyesafiri?
2. Katika ajali ya mwaka 1996, abiria wa daraja gani hawakuwa na orodha? Jambo hilo liliwaumizaje ndugu zao?
3. Katika ukoo wenu, nani anafaa kuwa na kauli ya kusema "hatupandi"? Kwa nini yeye?
4. Kijiji chenu kinatumia mtumbwi, kivuko au meli gani? Uwezo wake umeandikwa wapi?

ZOEZI

(a) Piga mistari daftarini, uandike majina matatu ya kila mtu wa nyumba yako, pamoja na umri. Usimsahau mchanga.
(b) Ukoo mwingine una wasafiri 30: watu wazima 20 na watoto 10. Tumia bei za mfano hapo juu na akiba ya Sh. 75,000/=. Jumla ni kiasi gani? Zikichanga nyumba 15, kila nyumba itoe kiasi gani?

Jibu la (b): Jumla ni Sh. 1,095,000/=. Kila nyumba itoe Sh. 73,000/=.