Majani, Ng'ombe na Wanyama wa Porini: Somo la Mbuga Iliyo Jirani ya Nairobi

Mtu akaaye Woodley huenda akajiona kuwa yu mbali sana na habari za malisho. Asubuhi apita Ngong Road kwenda kazini, jioni arudi nyumbani, na majani ayaonayo ni yale ya kando ya barabara tu. Lakini katika miaka ya ukame mkubwa, kama 2009, 2017 na 2022, wafugaji wa Kimasai walileta ng'ombe zao mpaka ndani ya mji wa Nairobi, wakawalisha majani hayo hayo ya kando ya barabara. Wenye magari walikasirika, na wenye bustani walifunga malango yao. Ni wachache waliouliza: Ng'ombe hawa wametoka wapi, na kwa nini malisho ya kwao yamekwisha? Somo letu la leo ni kulijibu swali hilo.

Mbuga yenyewe

Kutoka Woodley ukielekea kusini, ukapita Kibera na Langata, utafika kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Hifadhi hii ilitangazwa mwezi wa Desemba 1946, nayo ilikuwa ya kwanza katika Kenya. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 117 hivi. Upande wa kaskazini, mashariki na magharibi imezungushiwa ua. Upande wa kusini mpaka wake ni mto Mbagathi, na upande huo uliachwa wazi ili wanyama wapate kupita.

Ng'ambo ya mto ndiko Kitengela, na mbele yake zaendelea mbuga za Athi na Kapiti. Nchi hiyo yote, ambayo tangu zamani wanyama wa hifadhi wameitembea, ni zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Basi hifadhi ni sehemu ndogo tu ya makao yao. Mtu aliyechora ramani aliweza kuikata nchi kwa kalamu, lakini nyumbu na punda milia hawakuisoma ramani hiyo.

Jinsi majani yanavyoota

Kabla ya kuendelea, yatupasa tufahamu jambo moja kuhusu majani. Mti mchanga huota kwa ncha yake. Mbuzi akiila ncha hiyo, mti hudumaa. Majani sivyo. Mahali pa kuotea pa majani pako chini, karibu na udongo. Ng'ombe au nyumbu akila sehemu ya juu, majani huchipua tena kutoka chini, na machipukizi hayo ni laini, tena yana nguvu nyingi ya chakula.

Lakini majani yakiliwa tena na tena bila kupumzishwa, mizizi yake hupungua na kudhoofika, maana mizizi hulishwa na jani lililo juu. Mwisho udongo hubaki mtupu, na mvua ikinyesha, maji hutiririka juu yake badala ya kuingia ndani.

Kwa upande mwingine, majani yasipoliwa kabisa hurefuka, hukauka na kuwa magumu kama mabua. Mabua hayo huyanyima jua machipukizi ya chini, na mnyama hapati faida kubwa kwa kuyala. Kwa hiyo malisho yaweza kuharibika kwa njia mbili: kwa kuliwa bila kupumzika, na kwa kutoliwa.

Desturi ya kuhama

Wanyama wa mbuga hii walikuwa na dawa ya mambo hayo mawili. Wakati wa mvua nyumbu na punda milia walivuka Mbagathi wakaenda kusini, ambako majani ni mafupi na matamu, na ambako simba aonekana kwa mbali. Wakati wa kiangazi, maji ya kusini yakikauka, walirudi katika hifadhi penye mabwawa na mito isiyokauka upesi. Hivyo upande mmoja ulipoliwa, upande wa pili ulipumzika.

Wafugaji wa Kimasai nao walifuata kanuni iyo hiyo. Walihamisha ng'ombe kwa majira, na karibu na boma walitenga malisho yaitwayo olopololi kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Aliyeleta ng'ombe wake mahali hapo bila ruhusa aliambiwa na wazee. Haya hayakuwa mambo ya kubahatisha. Yalikuwa elimu iliyopatikana kwa kuangalia nchi kwa miaka mingi.

Wanyama huhesabiwaje?

Msomaji aweza kuuliza: Nani awezaye kuhesabu nyumbu wanaokimbia? Tangu mwaka 1977 Serikali ya Kenya imekuwa ikiwahesabu wanyama wa nchi za malisho, wa porini na wa kufugwa, kwa eropleni. Eropleni huruka chini chini kwa mistari iliyonyooka, ikiacha nafasi sawa kati ya mstari na mstari. Nyuma ya rubani huketi wahesabuji wawili, mmoja kila upande. Kila mmoja hutazama katikati ya vijiti viwili vilivyofungwa nje, na huhesabu wale tu walioonekana katikati ya vijiti hivyo. Kundi likiwa kubwa, hupigwa picha ili lihesabiwe baadaye. Kwa kujua upana wa ukanda uliotazamwa, wataalamu huweza kukadiria idadi ya wanyama wa nchi nzima.

Hesabu hiyo imetufundisha jambo la kuhuzunisha. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa hifadhi na mbuga za Athi na Kapiti walikuwa karibu 30,000. Kufikia mwaka 2011 walikuwa wamebaki chini ya 5,000.

Sababu zake

Ukame ni sababu moja, nao si mgeni: ukame wa 1960 na 1961, na ule wa 1973 na 1974, uliwaua wanyama wengi. Lakini zamani wanyama waliongezeka tena baada ya mvua kurudi, kwa kuwa njia zao zilikuwa wazi. Safari hii njia zenyewe zimezibwa. Mwaka 1988 ardhi ya pamoja ya wafugaji wa Kitengela iligawanywa, kila mwenye haki akapata kipande chake. Mwaka 1990 viwanda vya kuuza bidhaa nchi za nje vilianza kupewa mahali pao Athi River. Watu wakaja kutafuta kazi, vipande vikauzwa, nyumba, machimbo ya mawe na nyua za waya zikaongezeka.

Ua mmoja si kitu. Mnyama aweza kuuzunguka. Nyua mia zikiungana, njia imekufa. Tena waya haumchagui nyumbu peke yake. Ng'ombe wa jirani naye hawezi kupita kwenda kwenye majani mabichi mvua iliponyesha. Hapo ndipo mfugaji hana budi kuelekea mjini, na ndiyo maana twawaona ng'ombe kando ya barabara zetu.

Je, nyama wa porini ni adui wa ng'ombe?

Wengi husema punda milia humaliza majani ya ng'ombe. Neno hili limejaribiwa huko Mpala, Laikipia, ambako tangu mwaka 1995 watafiti wametenga viwanja 18, kila kimoja hekta 4. Katika vingine huingia ng'ombe tu, katika vingine wanyama wa porini tu, katika vingine wote pamoja, na vingine havina hata mmoja wao.

Mwaka 2011 Wilfred Odadi, mtaalamu wa Kenya, na wenzake walitangaza waliyoyaona. Wakati wa kiangazi ng'ombe waliokula pamoja na wanyama wa porini waliongezeka uzito kidogo kuliko waliokula peke yao. Basi neno la wafugaji lina kweli. Lakini wakati wa mvua mambo yaligeuka: ng'ombe waliokula pamoja na wanyama wa porini walinenepa zaidi, maana punda milia na wenzake waliondoa mabua makavu, na ng'ombe wakayafikia majani mateke. Jirani huyu, basi, ana hasara na faida. Kazi ni kupanga majira.

Nayo mifugo huwafaa wanyama wa porini. Mwaka 2018 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa katika Narok, ambako mahali palipokuwa na maboma ya wafugaji zaidi ya miaka 1,500 iliyopita bado pana rutuba kuliko udongo ulio kando, kwa sababu ya samadi. Majani mazuri huota hapo, na wanyama wa porini huyafuata.

Mwenye shamba afanyeje?

Si haki kumlaumu mwenye ekari zake Kitengela. Simba akila ng'ombe, hasara ni yake. Ada ya shule ikidaiwa, mdaiwa ni yeye. Na mnunuzi wa ardhi yuko mlangoni na fedha mkononi. Kwa sababu hiyo mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 za Kimarekani kwa kila ekari kwa mwaka, kwa sharti kwamba wasijenge ua, wasilime wala wasiuze vipande. Malipo yaligawanywa mara tatu, kulingana na mihula ya shule. Mpango ulipendwa, lakini ulitegemea fedha za wafadhili, na bei ya ardhi ilizidi kupanda. Twajifunza ya kwamba majani yasipomletea mwenyewe riziki ya kudumu, hayatakaa.

Nasi wa mjini tusiseme jambo hili ni la watu wa Kajiado. Sehemu kubwa ya nyama ya ng'ombe iuzwayo katika mabucha yetu hutoka katika nchi za malisho.

Jaribio la kufanya shuleni

Chagueni mahali penye majani ambapo mbuzi au ng'ombe hupita. Pimeni viwanja viwili, kila kimoja hatua moja kwa hatua moja. Kimoja kizungushieni miiba, kingine kiacheni wazi. Baada ya mwezi mmoja wa mvua, pimeni urefu wa majani, hesabuni aina zake, na mwangalie kama udongo waonekana. Fanyeni hivyo tena baada ya miezi 3, mkiandika kila mara. Kisha jibuni maswali haya:

1. Ni kiwanja gani chenye machipukizi mengi, na ni kipi chenye mabua makavu?
2. Kwa nini majani huliwa na kuchipua tena, lakini mti mchanga hudumaa?
3. Kama shamba lako lingekuwa katika njia ya nyumbu, ungetaka nini ili usijenge ua?

Swali la tatu halina jibu moja. Lizungumzeni na wazazi wenu.