SOMO LA FAMILIA: KULEA MTOTO ASIYE WAKO

Masomo: Kutoka 2:1-10, Esta 2:5-11

Kila kundi jipya la wakimbizi linapofika, huwamo watoto waliokuja peke yao au na jirani tu. Wengi wetu tunasita kuwapokea kwa sababu ya maneno yasiyo ya kweli. Wengine wanawapokea kwa nia isiyofaa. Tutazame mawazo matano.

1. "Nikimpokea, amekuwa wangu."
Hapana. Kulea si kuasili. Huenda mzazi wake yu hai katika kambi nyingine. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, makumi ya maelfu ya watoto walirudishwa kwa jamaa zao, wengine baada ya miaka kadhaa. Basi usimbadilishe jina, wala usimkataze lugha ya kwao. Musa alikulia kwa binti Farao, lakini alinyonyeshwa na mama yake mzazi.

2. "Ni tendo la huruma, hakuna haja ya kuandikisha."
Huruma ya kimya inaweza kumficha mtoto. Mama akienda Msalaba Mwekundu kumtafuta, na jina halimo katika orodha, atapita mbele ya nyumba yako bila kujua. Mpeleke kwa wahudumu wa ulinzi wa watoto. Waandike jina lake, la wazazi wake na la kijiji alikotoka.

3. "Wanaolea ni matajiri, tena mume na mke."
Mordekai alikuwa uhamishoni kama sisi alipomlea Esta, binti wa baba yake mdogo aliyekuwa yatima. Maandiko hayamtaji mke wake. Mjane mwenye nyumba yenye amani anaweza kuwa mlezi mwema. Mtoto naye aulizwe anaonaje.

4. "Ataniongezea mgao, au atanifikisha Marekani."
Sehemu yake ya chakula ni yake. Na habari ya kuhamia nchi ya tatu, manufaa ya mtoto huchunguzwa kwa upande wake. Tena, anayemtaka mtoto wa kuchota maji na kutafuta kuni wakati wengine wako shuleni, huyo anatafuta mtumishi.

5. "Anakojoa kitandani, anaficha chakula, hasemi. Ni mchawi."
Wazo hili limeumiza watoto wengi. Mtoto aliyeona vita huonyesha hofu kwa mwili wake. Anaficha mkate kwa sababu jana alilala njaa. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Usimnyime chakula, usimpige, usimpeleke kwa watu wa kumfungisha na kumchapa eti watoe pepo. Mwombee, na umpe siku zinazofanana: kula, shule, kucheza, kulala. Kama hali inazidi, mwone mhudumu wa afya. Uvumilivu unahitajika, Mordekai alipita kila siku penye ua wa nyumba ya wanawake apate kujua hali ya Esta.

Maswali ya kujadiliana nyumbani
a) Katika mtaa wetu, kuna mtoto anayeishi na watu wasio ndugu zake? Ameandikishwa?
b) Nani katika kanisa amewahi kuuliza hali yake?
c) Jirani anayelea tunaweza kumsaidia nini wiki hii: kuni, sabuni, au kumkalia watoto?

Bwana awabariki.