Shangazi, mshahara wangu umetuletea deni la kodi

*Mimi na mume wangu ni Wakenya, tuna binti wa miaka 17 na mvulana wa miaka 11. Mwaka 2024 baba watoto alifanya kazi ghalani peke yake, mimi nilikuwa nasomea uuguzi, na tulipopeleka hesabu za kodi serikali ikatulipa kama dola 3,000. Mwaka 2025 nikaanza kazi hospitalini. Nilipata dola 68,000, na 9,000 kati ya hizo ni za ovataimu. Mume wangu alipata 62,000. Nilidhani tumepumua. Machi hii mtu anayetujazia fomu anasema tunadaiwa dola 4,700. Hatuna. Mume wangu anasema kodi imepanda na kazi yangu ndiyo imetuingiza hasara, afadhali niache ovataimu. Anataka pia tusimamishe dola 400 ninazompelekea mama Machakos kila mwezi, na hapa tayari tunamlipa jirani 300 kwa mwezi amwangalie mtoto baada ya shule. Mjazaji fomu anasema deni litapungua tukimwandika mama na mpwa wangu kama watu tunaowatunza. Tumegombana mpaka kila mtu anakula kwa wakati wake. Nimekutumia nakala za hati zetu za mshahara. Nifanye nini?*

*Mama Wawili, Texas*

Mwanangu Mama Wawili,

Nianze na hilo neno hasara, maana naona limekuuma kuliko deni lenyewe. Kama baba watoto angefanya kazi peke yake mwaka 2025, kodi ya mapato ya nyumba yenu ingekuwa dola 3,183 kabla ya nafuu yoyote. Kwa mishahara yote miwili imefika 11,498. Mshahara wako basi umeongeza kodi kwa dola 8,315. Weka juu yake makato ya Social Security na Medicare, ambayo ni asilimia 7.65 ya mshahara wako, yaani dola 5,202. Ukiondoa yote hayo, na kabla ya bima, umeiletea nyumba yako zaidi ya dola 54,000 ambazo haikuwa nazo ulipokuwa mwanafunzi. Msomee mume wako hesabu hii taratibu, siku ambayo hamjagombana. Mwanamke aliyesoma akiwa na watoto wawili na akafaulu hastahili kuambiwa ameleta hasara.

Sasa deni limetoka wapi? Viwango vya kodi vyenyewe havikupanda. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaongezea kidogo: wanandoa wanaopeleka hesabu pamoja huondoa kwanza dola 31,500 zisizotozwa kodi, na mwaka 2024 zilikuwa 29,200. Kilichobadilika ni nyumba yenu. Umeanza kazi, na nafuu ya masomo, ambayo hufika dola 2,500, ikaondoka na karo yako. Binti yenu naye alitimiza miaka 17 kabla mwaka haujaisha, na katika hesabu ya nafuu ya mtoto, Marekani haimhesabu wa miaka 17 kuwa mtoto tena. Nafuu yake ya dola 2,200 imegeuka kuwa 500, ingawa anakula na kuvaa kuliko alivyokuwa na miaka 10. Hilo huzishtua nyumba nyingi kwa sababu hakuna anayekutumia barua kukuonya. Mwaka 2022 mamilioni ya wazazi walipata mshtuko wa aina hiyo, nafuu ya mtoto iliporudi dola 2,000 baada ya kupandishwa hadi 3,000, na 3,600 kwa wale wadogo, kwa mwaka mmoja tu wa 2021.

Lakini kiini cha deni nimekiona kwenye hati ya mshahara ya mume wako. Tazama mstari wa kodi ya mapato ya serikali ya shirikisho. Social Security imekatwa, Medicare imekatwa, na kwenye kodi ya mapato pameandikwa 0.00. Hakukatwa hata senti, mwaka mzima. Mwajiri wake hakukosea. Fomu ya W-4, ile inayomwelekeza mwajiri akate kodi kiasi gani, aliyoijaza alipokuwa mfanyakazi pekee wa nyumba inasema ana mke na watoto wawili wadogo, basi mwajiri anamwondolea mgao wote wa wanandoa usiotozwa kodi, kisha anaondoa dola 4,000 za watoto, na hakibaki cha kukata. Tuje kwako sasa. Nawe ulipoanza kazi ulijaza kwamba umeolewa, na hospitali ikakuondolea mgao ule ule wa wanandoa. Ni kama shamba moja lililowekwa rehani kwenye benki mbili. Kila benki iliona hati halali, na hakuna iliyojua kuhusu mwenzake. Ulikatwa kama dola 4,080, yeye sifuri, na baada ya nafuu za watoto kodi ya nyumba ni 8,798. Tofauti ndiyo hizo 4,700.

Wenzetu wengi hunaswa hapa kwa sababu ya mazoea tuliyotoka nayo. Kenya kila mtu ana PIN yake ya KRA, mamlaka ya kodi, mwajiri anakata PAYE, na kwa mfanyakazi wa mshahara kwa kawaida hakubaki kodi ya kudaiwa, ni fomu ya mwaka tu ya kupeleka. Mshahara wa mke haugusi kodi ya mume. Huko mliko, wanandoa wakipeleka hesabu pamoja, nyumba hutozwa kama mtu mmoja, lakini waajiri hukata kama watu wawili wasiojuana. Wa kuwajulisha ni ninyi. Na zile dola 3,000 za mwaka juzi, ambazo nadhani mlizihesabu kuwa jasho la baba watoto limerudi, hazikutoka kwenye mshahara wake, maana hati yake ilikuwa sifuri hata wakati huo. Zilikuwa nafuu za watoto na za masomo yako. Mwambie na hili, kwa upole. Deni halikuletwa na mshahara wako peke yake wala na wake peke yake, na sipendi kabisa mlitumie kupimana nani anafaa zaidi.

Kuhusu ovataimu, hesabu ya mume wako ni ile inayosemwa kila mahali, kwamba ukipanda daraja la kodi mshahara wote unatozwa kiwango kipya. Sivyo. Mapato yenu yanayotozwa ni dola 98,500. Kiwango cha asilimia 22 kwa wanandoa kilianzia 96,950, kwa hiyo ni dola 1,550 tu za juu kabisa zilizogusa 22. Zilizo chini yake zimetozwa 10 na 12. Zamu ya ziada haiwezi kukurudisha nyuma ya pale ulipokuwa. Kama mwili umechoka, punguza zamu kwa sababu ya mwili, na hapo nitakuunga mkono.

Tena ovataimu hiyo ina jambo ambalo nashuku mjazaji wenu hakulitazama. Kuanzia mwaka 2025 hadi 2028, ile nusu ya ziada unayolipwa juu ya kiwango chako cha kawaida, ikiwa ni ovataimu inayotakiwa na sheria ya kazi, inaweza kuondolewa kwenye mapato yanayotozwa kodi. Kama ulilipwa moja na nusu, basi kwenye dola 9,000 zako nusu hiyo ni 3,000, na kodi inapungua kwa kama dola 515. Waajiri hawakulazimishwa kuionyesha kando kwenye W-2, hati ya mapato ya mwaka mzima, kwa mwaka huo, kwa hiyo kusanya hati zako za mshahara uzijumlishe mwenyewe. Halafu kuna yule jirani anayemwangalia mtoto. Kwa wazazi wawili wanaofanya kazi, mtoto akiwa chini ya miaka 13, kwa mapato kama yenu mwaka 2025, asilimia 20 ya gharama hiyo, hadi gharama ya dola 3,000, inapunguzwa kwenye kodi. Kwenu ni dola 600. Ila sharti umtaje, na namba yake iandikwe kwenye fomu, naye ayatangaze mapato hayo. Zungumza naye mapema na kwa heshima, asije akasikia habari zake kwa watu. Mambo haya mawili yakikubalika, deni linashuka hadi karibu dola 3,600.

Kumwandika mama, hapana. Nakataa bila kuzunguka. Sheria inataka mtegemezi awe raia au mkaazi wa Marekani, au mkaazi wa Canada au Mexico. Mama aliye Machakos hahesabiki, hata kama ndiwe unayemnunulia dawa zote, na mpwa wako, kama naye yuko huko, vivyo hivyo. Najua hilo linaumiza, kwa sababu kweli mnawatunza. Lakini fomu ile inatiwa saini kwa kiapo, na saini ni yenu, wala si ya mjazaji. Muulize kama ataweka jina lake na namba yake ya PTIN mahali pa mtayarishaji. Anayelipwa kwa kazi hiyo anatakiwa kisheria kuziweka. Akisitasita, chukua karatasi zako uondoke, hata kama mnaabudu kanisa moja. Na kama mnatazamia uraia, kumbukeni kwamba fomu ya kuuomba inauliza habari za kodi. Deni linalolipwa kwa mpango linaelezeka. Uongo ulioapiwa hauelezeki.

Pelekeni hesabu kabla ya tarehe 15 Aprili hata kama hamna senti ya kulipa. Wengi huogopa deni wakaficha fomu, na hapo ndipo wanapoumia, maana kutopeleka hesabu kunatozwa asilimia 5 ya deni kila mwezi hadi kufikia 25, ilhali kuchelewa kulipa ni nusu ya asilimia moja kwa mwezi, pamoja na riba. Kuomba muda hadi Oktoba ni muda wa kupeleka fomu tu, malipo bado yanahesabiwa kutoka Aprili. Kisha ingieni kwenye tovuti ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, muombe kulipa kwa awamu. Mkipeleka hesabu kwa wakati na mpango ukakubaliwa, ile nusu ya asilimia inashuka kuwa robo. Dola 300 kwa mwezi zitalimaliza deni hili kwa mwaka mmoja na kidogo. Isitoshe, kwa kuwa kodi yenu ya 2024 baada ya nafuu ilikuwa sifuri, mmeepuka adhabu ya kukatwa pungufu mwaka huu. Mwakani kinga hiyo haitakuwepo.

Kwa hiyo W-4 zibadilishwe wiki hii, zote mbili. Kwenye hatua ya 2 kuna kisanduku cha nyumba yenye kazi mbili. Kila mmoja wenu akitie alama. Watoto waandikwe kwenye fomu moja tu, yako, kwa sababu mshahara wako ndio mkubwa: 2,200 za kijana na 500 za binti. Baba watoto aanze kukatwa, itakuwa kama dola 200 kila wiki mbili, na aongeze 60 kwenye hatua ya 4 kufidia miezi iliyopita bila kukatwa. Itauma. Mshahara wake utaonekana umepungua, na ndiyo sababu nataka mkae pamoja mnapozijaza, asije akaiona hati mpya akadhani ulikwenda kupanga kwa siri.

Za mama zisimamishwe? Kwa maoni yangu, hapana. Awamu ya deni pamoja na makato mapya ni zaidi ya dola 800 kwa mwezi, lakini huo ni mzigo wa nyumba yenye dola 130,000 kwa mwaka, wala hautibiwi kwa kumnyima mwanamke mzee msaada wake. Kama mnachangia harambee za makundi ya WhatsApp, simamisheni hizo kwanza kwa mwaka mmoja. Mwambieni mwekahazina ukweli, mna deni la kodi. Hamtakuwa wa kwanza. Na mama mwambie kwamba 400 zitafika kila mwezi lakini za dharura hazipo kwa sasa. Wazee wetu huumizwa zaidi na ahadi inayoyumba kuliko kiasi kidogo kinachofika kwa siku yake. Kama huwa unapeleka noti kwa wakala, acha. Tangu tarehe 1 Januari 2026 pesa taslimu zinazotumwa nje ya Marekani zinatozwa asilimia 1, kwenu dola 4 kila mwezi. Ukituma kutoka akaunti ya benki ya huko au kwa kadi yake, hutozwi, na mama atazipokea kwa M-Pesa yake kama kawaida.

Umeniambia binti ana miaka 17. Kama anamaliza sekondari mwaka huu na ataingia chuo Septemba, nafuu ya masomo iliyoondoka na karo yako inaweza kurudi kwa jina lake, hadi dola 2,500, kwenye hesabu za 2026. Tunza kila risiti ya karo na vitabu, pamoja na hati ya 1098-T ambayo chuo kitamtumia mwanzoni mwa mwaka ujao. Barua ya kukubaliwa ikifika, niandikie tena kabla hajatia saini mkopo wowote.

Shangazi