Joto, Muda na Fuwele: Utengenezaji wa Fosfeti ya Kalsiamu kwa Ajili ya Mifupa

Mfupa wa binadamu umejengwa hasa kwa vitu viwili: protini iitwayo kolajeni, ambayo huufanya usivunjike kwa urahisi, na madini ya fosfeti ya kalsiamu, ambayo huupa ugumu. Madini hayo, ambayo ni takriban theluthi mbili ya uzito wa mfupa mkavu, yanafanana sana na kampaundi iitwayo haidroksiapataiti. Kwa kuwa kampaundi hiyo huweza kutengenezwa maabarani, hutumika kuziba mapengo ya mifupa na kufunika viungo bandia vya titani. Mwaka 1985, daktari mpasuaji Ronald Furlong wa London alianza kuwawekea wagonjwa nyonga bandia zilizofunikwa kwa utando wa namna hiyo, ili mfupa ushikamane nazo bila kutumia saruji ya mifupa.

Hata hivyo, fomula peke yake haitoshi kueleza tabia ya kitu. Lazima pia ijulikane jinsi atomu zake zilivyopangika.

Fuwele na kisicho fuwele

Katika fuwele, atomu hukaa kwa mpango unaojirudia pande zote, mithili ya matofali ukutani. Katika kitu kisicho fuwele, kama kioo cha dirisha, mpango huo haupo. Mfano ulio karibu ni sukari. Punje za sukari ni fuwele; lakini sukari iliyoyeyushwa kwa moto na kupozwa ghafula huganda kama kioo, kwa sababu molekuli zake hazikupata muda wa kujipanga. Sehemu ya kitu iliyo katika hali ya fuwele huitwa kiwango cha ufuwele, nacho huonyeshwa kwa asilimia.

Katika mmumunyo

Njia mojawapo ya kutengeneza haidroksiapataiti ni kudondosha asidi ya fosfori polepole katika maji yenye haidroksidi ya kalsiamu:

10Ca(OH)₂ + 6H₃PO₄ → Ca₁₀(PO₄)₆(OH)₂ + 18H₂O

Mmumunyo hauna budi kubaki na hali ya alkali, la sivyo hutokea fosfeti za aina nyingine. Mara nyingi mashapo ya kwanza si fuwele. Yakiachwa katika maji kwa saa nyingi, ioni hujipanga upya na fuwele hujitokeza. Maji yakiwa ya kawaida, fuwele huwa ndogo na zenye kasoro nyingi; yakipashwa hadi karibu 90°C, huwa kubwa na zenye mpangilio bora.

Katika tanuri

Unga uliokaushwa huzidi kuwa na ufuwele unapochomwa. Kati ya 1,000°C na 1,250°C hivi, punje zake hushikamana na kuwa kauri ngumu. Lakini moto una mpaka wake. Halijoto ikizidi takriban 1,300°C, kampaundi hupoteza kundi la haidroksili na kuvunjika kuwa fosfeti nyingine, ambazo humumunyuka upesi zaidi.

Katika mwali wa plazima

Kwa kawaida utando wa nyonga bandia hupulizwa kwa mwali wa plazima, ambao halijoto yake huweza kupita 10,000°C. Punje hupita humo kwa muda mfupi mno; uso wake huyeyuka, kisha hugonga chuma kilicho baridi na kuganda papo hapo. Sehemu iliyoyeyuka hukosa muda wa kujipanga, hivyo huganda bila kuwa fuwele. Kiini ambacho hakikuyeyuka hubaki fuwele kama kilivyokuwa.

Hapo ndipo penye hatari kwa mgonjwa. Sehemu isiyo fuwele humumunyuka haraka katika majimaji ya mwili. Ikiwa kidogo, huwa na faida, kwani ioni za kalsiamu na fosfeti zinazotoka husaidia mfupa mpya kuota. Ikizidi, utando huweza kudhoofika na kubanduka kabla mfupa haujashika. Ufuwele mkubwa nao huufanya utando udumu, lakini huweza kuchelewesha kushikamana kwake na mfupa. Kwa hiyo mhandisi hutafuta kiasi cha kati. Huchagua ukubwa wa punje na nguvu ya mwali; pengine huuchoma tena utando kwa karibu 600°C hadi 700°C ili kuongeza ufuwele, akiangalia usipasuke, kwa kuwa utando na chuma havitanuki sawasawa.

Jinsi ya kupima

Kiwango cha ufuwele hupimwa kwa eksirei. Fuwele huzitawanya kwa pembe maalumu, na mchoro huonyesha vilele vyembamba. Kisicho fuwele hutoa kilima kipana. Kwa kulinganisha vilele na kilima hicho, asilimia hukadiriwa.

Mwili wenyewe hufuata kanuni hiyo hiyo. Fuwele za mfupa ni ndogo mno na zina kasoro, hivyo seli huweza kuzivunja na kuzijenga upya maisha yote. Fuwele za gamba gumu la jino ni kubwa na zimepangika vema; hudumu kwa miaka mingi, lakini gamba hilo likiharibika seli haziwezi kulijenga tena.

Maswali

1. Kokotoa uwiano wa atomu za kalsiamu kwa fosfori katika haidroksiapataiti.
2. Kwa nini kupoza ghafula hupunguza ufuwele?
3. Tabibu anahitaji kauri itakayomumunyuka kadiri mfupa mpya unavyoota. Je, ufuwele wake uwe mkubwa au mdogo? Toa sababu.