Risasi ya Betri Kuukuu: Mali na Sumu

Gari likifa halitupwi lote. Vyuma vya springi hugeuzwa na wahunzi kuwa mapanga, matairi hukatwa kuwa katambuga, na alumini ya injini huyeyushwa katika karakana ndogo ndogo kuwa masufuria. Chuma na pua, ambavyo ni zaidi ya nusu ya uzito wa gari, huuzwa kwa kilo na kurudi tanurini. Lakini betri yastahili kutazamwa peke yake, kwani risasi iliyomo yaweza kurejeshwa karibu yote, na yaweza pia kuua ikirejeshwa vibaya. Katika makala haya tutaeleza kemia ya jambo hilo, ili mwalimu na mwanafunzi waone jinsi mlinganyo wa darasani unavyohusu afya ya mtaa mzima.

Yaliyomo ndani ya betri

Betri ya gari dogo huwa na uzito wa kilo 12 hadi 20 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni risasi, metali ile ile iliyozipa jina risasi za bunduki. Ndani ya kasha la plastiki mna vyumba 6. Kila kimoja hutoa volti 2 hivi, jumla volti 12. Bamba hasi ni la risasi, bamba chanya lina dioksaidi ya risasi, na yote mawili yamezama katika asidi ya salfuriki. Betri itoapo umeme, hutokea mabadiliko haya:

Pb + PbO₂ + 2H₂SO₄ → 2PbSO₄ + 2H₂O

Yaani mabamba yote hugeuka polepole kuwa salfeti ya risasi. Betri ichajiwapo, mabadiliko hayo hurudi nyuma. Baada ya miaka kadhaa salfeti huwa fuwele ngumu zisizogeuka tena, na unga wa mabamba huporomoka. Hapo betri huitwa mbovu. Yafaa ikumbukwe, hata hivyo, kwamba hakuna atomu hata moja ya risasi iliyoangamia. Kilichokufa ni betri, si risasi.

Hesabu ya salfa

Tuseme betri mbovu ina kilo 6 za salfeti ya risasi. Tukichukua Pb = 207, S = 32 na O = 16, jumla ya PbSO₄ ni 303. Risasi iliyomo ni 6 × 207/303, yaani kilo 4.1. Hiyo ndiyo mali. Sasa tuulize: salfa nayo itakwenda wapi? Ikitoka yote kama dioksaidi ya salfa (SO₂ = 64), tutapata 6 × 64/303, yaani kilo 1.27 za gesi ichomayo macho na mapafu, kutoka katika betri moja tu.

Kiwanda kilichojengwa vema huiondoa salfa kabla ya moto. Betri huvunjwa ndani ya mashine iliyofunikwa na asidi hukusanywa. Vipande hutiwa majini: plastiki huelea, risasi huzama, kwani uzito wake ni zaidi ya mara 11 ya maji ya ujazo ule ule. Unga wa mabamba hukorogwa pamoja na kaboneti ya sodiamu:

PbSO₄ + Na₂CO₃ → PbCO₃ + Na₂SO₄

Salfeti ya sodiamu huyeyuka majini na kuondolewa. Kinachobaki huingizwa tanurini pamoja na kaboni, na moshi wake hupitishwa katika vichujio vinavyonasa vumbi.

Mtego wa urahisi

Uani mambo ni mengine. Betri hupasuliwa kwa shoka, asidi humwagwa mchangani, na mabamba huyeyushwa kwa mkaa ndani ya karai. Risasi huyeyuka katika nyuzi 327 za Sentigredi tu, ilhali chuma chahitaji zaidi ya nyuzi 1500; kwa hiyo kazi huonekana nyepesi. Lakini mkaa unaopulizwa hupita mbali nyuzi hizo, na risasi hutoa moshi wa chembe laini mno, ambazo hutua mchangani, katika nguo na katika vyombo vya maji. Moto hauiteketezi risasi, huitawanya tu.

Mwilini, risasi huchukua nafasi ya kalsiamu, hujificha mifupani na kudhuru ubongo. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima. Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama.

Huko Thiaroye-sur-Mer, Dakar, nchini Senegali, watoto 18 walikufa kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, mahali ambapo watu walivunja betri na kuchekecha mchanga ili kuokota risasi. Wala kuwa na kiwanda peke yake si kinga. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na shauri likaendelea hadi Mahakama ya Juu mwaka 2024.

Tufanyeje?

Hatuna budi kurejesha risasi, kwani betri itupwayo shimoni nayo hutia sumu ardhini. Basi betri mbovu isifunguliwe wala kumwagwa asidi. Ihifadhiwe ikiwa wima na nzima, mbali na watoto, iuzwe kwa mnunuzi mwenye kibali. Fundi aoge na kubadili nguo kabla ya kwenda nyumbani. Na mnunuzi wa uani akitoa bei kubwa zaidi, tujiulize: gharama ya vichujio asivyonavyo inalipwa na nani? Hulipwa na watoto wa jirani.

Maswali

1. Tafuta asilimia ya risasi katika PbCO₃ (C = 12), kisha uilinganishe na ile ya PbSO₄.
2. Kwa nini kuchemsha maji ya kisima hakuondoi risasi iliyomo?
3. Betri 100 kama ile ya mfano wetu zingetoa kilo ngapi za SO₂?